Waliobaki Nao Waandikwe

Kijana wa Kwale, kusini mwa Pwani, akiketi kuandika maisha yake, hukwama kwa wazazi. Kuanzia Galu, Kinondo na Mwabungo, ukipita Gazi mpaka Msambweni, ni wengi waliolelewa nje ya ule mpango wa baba, mama na watoto chini ya paa moja. Yuko ambaye baba yake alifuatana na mke Mjerumani akaenda zake Ulaya, na habari zikakatika mtoto akiwa darasa la pili. Yuko ambaye mama yake yu Riyadh au Jeddah kwa kazi za nyumbani, na sauti yake mtoto anaijua kwa simu. Yuko aliyezaliwa na mgeni wa likizo ya wiki mbili. Wote hawa wakishika kalamu hukutana na swali hilo hilo: nimseme vipi mzazi ambaye hakufanana na wazazi wa wenzangu, mazuri yake na mabaya yake?

Rai yangu ni kwamba swali hili tumezoea kulijibu kwa dhuluma. Aliyeondoka tunampa kitabu kizima. Aliyebaki tunampa sentensi mbili kwenye ukurasa wa shukrani.

Nenda shule yoyote ya msingi huku kwetu siku ya mkutano wa wazazi, utazame walioketi kwenye yale mabenchi chini ya mwembe. Wengi ni nyanya. Wamejifunga leso zao, wengine wametoka kuchoma mahamri tangu alfajiri na mikono bado inanukia iliki. Mwalimu mkuu anasoma orodha ya waliobakisha ada ya mtihani na pesa za chakula, na kila jina la mtoto likitajwa, nyanya mmoja anainua mkono. Fomu ikifika kwenye nafasi ya mzazi au mlezi, anabonyeza kidole gumba kwenye wino. Mtoto huyo akija kuandika kitabu miaka thelathini baadaye, mlango wa kwanza utakuwa wa baba aliyepanda ndege. Sitashangaa, kwa maana nimesoma tawasifu za kutosha kujua mkondo huo. Asiyekuwepo ni kitendawili, na kitendawili kinavuta kalamu. Aliyekuwepo kila siku anaonekana kama kwamba hana la kusimuliwa.

Kabla sijaendelea, niwajibu wale watakaosema kwamba mzazi hasemwi kabisa. Hoja hiyo naiheshimu. Dini imetukataza hata kuguna mbele ya wazazi, na radhi yao hakuna mtu wa Pwani anayeichezea. Lakini Qur'ani hiyo hiyo, katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, imewaamrisha waumini wasimame imara kwa uadilifu na kutoa ushahidi wa haki hata ukiwa dhidi ya nafsi zao, wazazi wao au jamaa zao. Kitabu cha kumbukumbu ni ushahidi. Anayekiandika kwa kuficha ubaya wa mzazi amekosea, na anayekiandika kwa kuficha wema wa mzazi mwingine amekosea vile vile. Kosa hili la pili ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu halionekani kama kosa.

Sina mfano wa karibu unaoonyesha jambo hili vizuri kuliko ukoo wa Obama wa Kogelo, Siaya. Mzee Barack Obama aliondoka Kenya mwaka 1959 kwenda kusoma Chuo Kikuu cha Hawaii, akamwacha mkewe Kezia na mtoto mdogo na mimba. Huko akamwoa Ann Dunham, binti mzaliwa wa Kansas, Februari 1961, na Barack mdogo akazaliwa Agosti 4 mwaka huo huo. Mwaka 1962 akahamia Harvard, peke yake. Ndoa ikavunjika rasmi 1964, akarudi nyumbani, na huku nako akaoa na kuzaa. Alifariki katika ajali ya gari Nairobi, Novemba 1982.

Watoto wake wasiopungua wanne wametoa vitabu vinavyomzungumzia. Barack alitoa Dreams from My Father mwaka 1995. Auma alitoa chake kwa Kijerumani mwaka 2010, kikafuatiwa na tafsiri ya Kiingereza. Mark Ndesandjo alitangulia na riwaya mwaka 2009, kisha kumbukumbu zenyewe mwaka 2014. George, aliyekuwa mtoto mchanga baba alipokufa, alitoa Homeland mwaka 2010. Baba ni mmoja, na ukivisoma vitabu hivyo utadhani ni watu wanne.

Kwa Barack, baba ni hadithi aliyosimuliwa na mama: mtu mwenye akili kali, asiyeogopa mtu, mwenye sauti ya kujaza ukumbi. Alimwona kwa takriban mwezi mmoja tu, Krismasi ya 1971, akiwa na miaka kumi. Katika mwezi huo kuna jioni moja ambayo kila mzazi aliyekaa mbali angefaa kuisoma. Mtoto anataka kutazama kipindi cha Krismasi kwenye televisheni. Baba, ambaye hajamlea siku hata moja tangu angali mchanga, anaamuru televisheni izimwe na mtoto akasome. Mama na nyanya wanaingilia, na ugomvi unawaka nyumba nzima. Baba alikuwa na haki ya kutaka mtoto asome. Lakini amri ya mzazi hupata nguvu kutokana na siku zilizotangulia, na yeye hakuwa na siku hizo. Katika ziara hiyo hiyo alikwenda kuzungumza darasani kwa mwanawe, na watoto wote wakavutiwa naye. Mvuto aliokuwa nao mbele ya hadhira ulikuwa wa kweli. Nyumbani haukumsaidia.

Auma hakusimuliwa, aliishi naye. Aliuona ukubwa wake, na aliuona mwanguko. Mzee huyu alikuwa mchumi wa serikali aliyethubutu mwaka 1965 kuandika katika East Africa Journal akiikosoa sera ya uchumi ya serikali ya Kenyatta, ile iliyojulikana kama Waraka wa Kikao Nambari 10. Huo ulikuwa ujasiri, nao uandikwe. Baadaye alipoteza kazi, akapata ajali iliyomlaza hospitalini muda mrefu, marafiki wakapungua, na pombe ikazidi. Binti alikuwa mle ndani ya nyumba, akimsikia baba akirudi usiku. Mark anakwenda mbali zaidi: amesema waziwazi kwamba baba alikuwa akimpiga mama yake, na yeye mwenyewe pia. Kuna kipindi aliliacha kabisa jina la Obama, akatumia la baba wa kambo, Ndesandjo, Mtanzania aliyemlea.

Nani kati yao amesema kweli? Wote, naamini. Hapo ndipo ilipo kazi ngumu ya kumpima mzazi wa namna hii. Akili ya Mzee Obama na ukali wa Mzee Obama haviondoani kama mkopo na malipo. Mtoto aliyepigwa hafaidiki kwa makala ya baba katika jarida. Nikisoma tawasifu inayoweka kipaji cha mzazi upande mmoja na majeraha ya mtoto upande wa pili, kisha ikatangaza kwamba mizani imelingana, huwa naifunga. Kipaji ni sifa ya mtu. Kinakuwa sifa ya mzazi pale tu mtoto alipokifaidi.

Sasa mgeukie aliyebaki. Ann Dunham naye hakuwa mzazi wa kawaida, tena kwa kipimo chochote. Aliolewa na Mwafrika wakati ambapo majimbo mengi ya Marekani yalikuwa bado yakiharamisha ndoa za rangi mbili. Aliolewa tena na Lolo Soetoro, akamchukua mwanawe Indonesia mwaka 1967. Huko, kwa sababu hakuwa na uwezo wa kumlipia shule ya watoto wa wageni, alimwamsha saa kumi za alfajiri, siku tano kwa wiki, akamfundisha Kiingereza kabla yeye mwenyewe hajaenda kazini. Mtoto alilalamika, alijifanya mgonjwa, mama hakulegeza. Alikuja kuwa mwanaanthropolojia, akaandika tasnifu ya uzamifu kuhusu wahunzi wa Java, akafanya kazi ya mikopo midogo kwa wanawake wa vijijini miaka mingi kabla neno hilo halijawa maarufu.

Na ana mabaya yake. Mwaka 1971 alimrudisha mtoto Honolulu kwa babu na nyanya. Baadaye, kazi ya utafiti ilipomwita tena Indonesia, alikwenda, na kijana akabaki. Yeye mwenyewe alichagua kubaki, ni kweli, ila kijana wa miaka hiyo anachagua kati ya vile alivyowekewa mezani. Jingine ni zile hadithi za baba. Alimpaka mumewe sifa mpaka mtoto akakua akikimbizana na sanamu. Wengi watasema huo ni wema, kutomtukana baba mbele ya mwanawe, nami nakubali kwa kiasi kikubwa. Lakini sifa zilizopitiliza zilimwachia kijana kazi ya kuja kuivunja sanamu hiyo peke yake, ukubwani, kwa masimulizi ya dada yake Auma.

Kitabu kilitoka Julai 1995 na jina la baba kwenye jalada. Mama alifariki kwa saratani Novemba 7 mwaka huo huo, akiwa na miaka 52. Katika dibaji ya toleo la 2004 mwandishi anakiri kwamba, lau angejua mama hangepona, huenda angeandika kitabu cha namna nyingine, chenye kumtafakari kidogo mzazi aliyekosekana na kumsherehekea zaidi yule aliyekuwepo wakati wote. Naiona dibaji hiyo kuwa ndiyo sehemu iliyo bora kuliko zote katika kitabu, na inaumiza kwa sababu imechelewa miaka tisa. Kitabu kamili cha maisha ya Ann Dunham kiliandikwa na mwandishi wa habari, Janny Scott, mwaka 2011.

Nyuma ya mama huyo kuna waliobaki zaidi yake. Huko Honolulu alikuwepo nyanya, Madelyn Dunham, aliyekuwa akitoka alfajiri kwa basi kwenda benki, akapanda kutoka ukarani hadi kuwa mmoja wa wanawake wa mwanzo kushika umakamu wa rais wa benki pale, na mshahara wake ndio ulioishikilia nyumba. Alikufa siku mbili kabla mjukuu hajachaguliwa rais, Novemba 2008. Huku Kogelo alikuwepo Mama Sarah. Yeye hakumzaa Mzee Obama. Mama mzazi, Akumu, alimkimbia mumewe Onyango kwa ukali wake, akawaacha watoto. Watoto hao walitoroka usiku kwa miguu kumfuata kwao, upande wa Kendu Bay, wakarudishwa wamechoka na wana njaa. Sarah, mke mdogo, ndiye aliyewapokea na kuwalea. Kwa hiyo baba aliyewaacha watoto naye aliachwa mtoto. Hilo linaeleza mengi. Kumsamehe au kutomsamehe ni haki ya wanawe, na sisi wasomaji hatuna kauli hapo.

Ninachotaka wasomaji wakione ni kwamba tunayajua haya yote kwa sababu Mama Sarah alihojiwa. Katika kitabu cha Barack anaketi chini ya mwembe, anasimulia kwa Kijaluo, Auma anatafsiri, na simulizi hilo linachukua kurasa nyingi. Aliyebaki akiulizwa, ana mambo! Mama Sarah alifariki Machi 2021.

Turudi Kwale, kwa sababu huku kuna dhuluma ya pili inayostahili kusemwa. Baba akiondoka, tunasema ametafuta maisha. Mama akiondoka, tunasema amewatupa watoto. Nimeyasikia maneno hayo hayo kwenye vibaraza vya Ukunda kutoka kwa wanaume ambao wenyewe hawajatuma hata pesa za daftari. Mama aliye Riyadh anaamka kabla ya tajiri wake, analala baada yake, na mwisho wa mwezi pesa zinaingia kwenye simu ya nyanya: za unga, za sare, za mabati ya nyumba. Kukosekana kwake kunamuumiza mtoto, na mtoto ana haki ya kuandika kwamba aliumia. Lakini aandike pia nani alinunua viatu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, imempa kila mtoto haki ya kutunzwa na mama na baba kwa jukumu lililo sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Hukumu ya mwandishi isiwe na kipimo cha baba na kipimo kingine cha mama.

Kuna pia suala la nani ana kalamu. Mwaka 1986, kwenye feri ya Likoni, Mswisi Corinne Hofmann alimwona Lketinga, moran wa Kisamburu, na kutoka hapo kikazaliwa kitabu kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1998, kikauzwa kwa mamilioni na kutengenezewa filamu mwaka 2005. Waliishi Barsaloi, wakazaa binti, baadaye wakashuka kujaribu biashara ya duka la vinyago huku Pwani ya Kusini, na mwaka 1990 mama akaondoka na mtoto kwenda Uswisi, huku mume akiaminishwa kwamba ni likizo. Mama huyo aliugua malaria mara kwa mara, alibeba kazi ambazo wengi wetu tungezikimbia, na alieleza wivu wa mumewe kwa undani. Sina sababu ya kumwita mwongo. Ila baba hakupita shule, hakuandika, na mtoto akawa mhusika katika kitabu ambacho hakukitunga. Binti alikuja kukutana na baba yake akiwa mtu mzima, na hilo nalo tumelisoma katika kitabu kingine cha mama, cha mwaka 2011. Huku Diani na Galu, hadithi za namna hii zimejaa, na karibu zote zilizochapishwa zimeandikwa na upande uliokuwa na tikiti ya kurudi.

Anayetaka kuona kazi hii ikifanywa kwa haki zaidi arudi nyuma mpaka Unguja. Sayyida Salme, aliyezaliwa 1844, alikuwa binti wa Sayyid Said, Sultani aliyeacha watoto 36 hai alipofariki 1856. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria Mcherkesi, aliyetekwa angali mtoto mdogo. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Qur'ani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 alitoroka, akaolewa na Mjerumani, na mwaka 1870 akabaki mjane Hamburg na watoto watatu wadogo. Aliandika kumbukumbu zake, zilizochapishwa 1886, kwanza kwa ajili ya wanawe hao. Angeweza kumwandika Sultani peke yake, maana ndiye ambaye Ulaya nzima ilitaka kumsoma. Badala yake suria yule, ambaye historia ya kasri isingemtaja, ana nafasi yake: tunamwona akitoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine na vitabu vyake, akiwasomea. Kitabu kina doa kubwa, kwa kuwa Salme anautetea utumwa, na doa hilo halifutiki. Lakini kwa mama yake alitenda haki.

Nina ugomvi wa mwisho na tawasifu za siku hizi, nao ni ule mtindo wa kumshukuru mzazi kwa madhara yake. "Njaa ile ilinifunza kustahimili." "Kuachwa kulinifanya imara." Ustahimilivu huo ni wa mtoto. Aliujenga mwenyewe, na mara nyingi aliujenga kwa sababu kulikuwa na mtu aliyemwekea sahani. Ukimpa sifa hiyo aliyesababisha njaa, umempora mtoto na umempora aliyepika. Na wako waliopitia hali ile ile hawakuwa imara; hao hawakupata nafasi ya kuandika vitabu.

Wala tusidanganyane kwamba nyumba ya baba, mama na watoto ndiyo kawaida yetu ya tangu na tangu. Wadigo wa huku kwetu walikuwa wakifuata ukoo wa mama. Mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu ya watoto wa dada yake, na urithi ulipita kwake, kabla ya sheria za Kiislamu na za serikali kuugeuza mpango huo. Mababu waliozikwa karibu na Kaya Kinondo wangeshangaa kusikia kwamba mtoto aliyelelewa kwa mjomba ni mtoto wa kuhurumiwa. Kwa hiyo mwandishi kijana asianze na aibu kwamba nyumba yake haikufanana na ya jirani. Aanze na nani alifanya nini, na lini.

Kwa wewe uliyelelewa na nyanya, shangazi au mjomba na umeanza kuandika: kama bado yu hai, nenda kwake wikendi hii, uweke simu mezani irekodi. Muulize karo ya muhula wa kwanza ilitoka wapi, alikopa kwa nani, na deni lilikwisha lini. Muulize alichotaka kuwa kabla hujaletwa mlangoni kwake. Kisha mlango wa kwanza wa kitabu chako uwe wake, na baba aliyepanda ndege asubiri wa pili.